Kabla Hujanunua Dawa, Mjue Anayekuuma

Nilikuwa Tanga mjini wiki tano, kwa binti yangu aliyejifungua. Niliporudi huku kwetu milimani, juu ya Soni wilayani Lushoto, nilifungua mlango wa jikoni, nikatua mzigo, nikainama kuwasha moto. Maji hayajachemka, miguu yote inawasha. Kutazama vifundoni, vidoa vyekundu: vitatu hapa, vinne pale, kila kimoja kina alama ya tundu katikati. Nyumba ilikuwa imefungwa muda wote huo. Hamna mtu, mbuzi walikuwa kwa shemeji, paka kwa jirani. Sasa kinachouma kimetoka wapi? Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba imechezewa, nitafute mtaalamu.

Haikuchezewa. Walikuwa viroboto. Ila nilipoteza siku nyingi na pesa kabla sijajua, na wajukuu wawili waliokuja nami walijikuna hadi wakatoa vidonda. Ndiyo maana naandika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dawa ya kunguni. Nilinunua chupa mbili, nikapuliza magodoro, nikalala na harufu, asubuhi hali ileile. Kumbe kabla ya dawa ni kuangalia mahali ulipoumwa. Kiroboto huuma zaidi miguuni, chini ya magoti, mchana na usiku. Kunguni anakungoja kitandani: utaona alama mikononi, shingoni au mgongoni, mara nyingi kwa mstari, na kwenye mishono ya godoro utakuta vidoa vyeusi. Ukishika kuku ukahisi vijidudu vidogo mno vinatambaa mkononi, huo ni utitiri, shughulika na banda. Papasi hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, anauma usiku wala huhisi, na anaweza kuleta homa inayoondoka na kurudi. Na kama familia nzima inawashwa usiku, hasa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, huenda huo ni upele. Nendeni zahanati mtibiwe wote kwa pamoja.

Mimi nilihakikisha kwa soksi. Nilichukua soksi nyeupe za shule za mjukuu, nikazivuta juu kadiri zilivyofika, nikatembea polepole chumba kwa chumba, dakika mbili kila kimoja. Sebuleni hakuna kitu. Chumbani mmoja. Jikoni, kwenye kona ambako mbuzi hulala wakati wa baridi na paka hujikunja kando ya mafiga, nilihesabu 11 kabla hawajaruka. Weusi wa hudhurungi, wembamba kama waliobanwa ubavuni, wamejishika kwenye uzi. Hapo nikajua adui ni nani na makao yake yako wapi.

Ile siri ya nyumba tupu alinifumbulia bwana afya wa kata. Kiroboto hutaga mwilini mwa mnyama, lakini mayai yake ni laini na hayagandi, huteleza yakaanguka popote mnyama alalapo. Buu akitoka hula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha hujifungia kwenye kifuko kinachonata, vumbi linakifunika, hukioni hata ukiinama na tochi. Humo ndani anaweza kungoja miezi. Kinachomwamsha ni mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi zetu. Kwa hiyo nilipoingia na mzigo wangu, mimi ndiye niliyewaamsha wengi kwa siku moja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo nataka ulisome mara mbili. Nilipoona kinyesi cha panya darini, tunakohifadhi mahindi, niliweka sumu. Panya walikufa. Siku chache baadaye wajukuu wakaanza kuumwa kitandani, chini ya dari hiyohiyo. Mnyama akifa na kupoa, kiroboto huhama kutafuta damu nyingine. Ukiua panya kabla ya viroboto, umewashusha kwa watoto wako. Anza na viroboto, panya wafuate.

Kwetu Lushoto jambo hili si dogo. Tauni iliingia wilayani mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa msichana, nakumbuka misiba, na nakumbuka tukikatazwa kugusa panya. Tauni huletwa na kiroboto aliyemnyonya panya mgonjwa. Ukiona panya wanakufa wenyewe, hukuweka sumu, usiwaguse kwa mkono. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji na watu wa zahanati siku hiyohiyo. Na mtu akipata homa kali ya ghafla na mtoki, yaani uvimbe wenye maumivu, kwenye kinena, kwapani au shingoni, asilazwe nyumbani kungoja kesho. Dawa zipo na zinaponya, ila ziwahi.

Basi, kazi yenyewe. Paka, mbwa, chumba na matandiko vishughulikiwe siku moja, la sivyo waliobaki upande mmoja wanajaza upande wa pili. Mchane paka kwa kitana cha chawa, kila mara ukikizamisha kwenye maji ya sabuni. Ule unga mweusi unaotoka uweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Unga huo ukiacha rangi nyekundu ya kutu, ni damu, na viroboto wapo. Dawa ya kumpaka nunua duka la mifugo na useme wazi ni ya paka. Dawa nyingi za mbwa zina pamethrini, sumu ya wadudu, nayo yaweza kumuua paka. Mafuta ya taa usimpake mnyama yeyote, yanaunguza ngozi.

Jikoni nilitoa kila kitu nje, hadi kinu. Nilinyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke, nikafagia kuanzia kwenye pembe, nikakwangua udongo uliolegea chini ya ukuta kwa jembe dogo, na taka zote nikazichoma. Usizitupe nyuma ya nyumba, kwa sababu ndani yake mna mayai. Halafu nilimwaga maji ya moto yenye sabuni kwenye nyufa na pale mbuzi walipokuwa wakilala. Sakafu ilipokauka nikaisiriba upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe, nikaziba kila ufa. Nyufa ndizo kitalu chao. Mbuzi sasa wana banda lao nje, na hilo pekee naliona lina thamani kuliko chupa zote nilizonunua.

Matandiko yachemshwe au yafuliwe kwa maji ya moto, magodoro yakae juani kutwa, uyageuze mchana. Ukiamua kutumia dawa ya unga au ya kupuliza, iwe imeandikwa inafaa ndani ya nyumba. Ile ya nyanya na kabichi iache shambani, kwani wapo wanaoipuliza wanapolala watoto na inaniuma sana kuona.

Usiku tega beseni. Jeupe na la kina kifupi, maji ya kimo cha vidole viwili, kijiko cha sabuni ya unga kikorogwe. Ning'iniza taa ya sola shibiri moja juu yake, nyumba iwe giza. Koroboi sikushauri, moto ukishika umeharibu zaidi. Viroboto hufuata mwanga na joto, wanadumbukia. Bila sabuni huelea na wanaweza kuponyoka. Penye sabuni wanazama. Mtego huu hauwamalizi, ila unakupa hesabu. Mimi niliandika kwenye daftari: usiku wa kwanza 23, wa pili 19, mwisho wa wiki 6. Wiki ya tatu wakapanda tena wakafika 14, nikakata tamaa nikidhani kazi yote imepotea. Walikuwa wale wa kwenye vifuko, ambao dawa haiwafikii. Rudia kufagia kila siku na kumchana paka, na dawa urudie kama maelezo ya kopo yanavyosema. Mimi ilinichukua karibu miezi miwili.

Wajukuu niliwaosha majeraha kwa maji na sabuni, nikawakata kucha, nikawapaka kalamaini ya kutuliza mwasho. Mmoja kidonda kilitoa usaha, nikampeleka zahanati akapewa dawa.

Panya nimewashughulikia baadaye, kwa mitego. Mahindi nimeyashusha darini, yako kwenye pipa la bati lenye mfuniko.

Mwezi ujao nakwenda tena Tanga, mtoto ana arobaini ya kuchelewa. Nimemwachia jirani ufunguo. Kila siku ya tatu ataingia, atafagia jikoni, atatega beseni usiku, na ataniandikia idadi kwenye daftari lililo juu ya kabati.