Jinsi ya kumhoji bibi yako kuhusu vita vya Kagera (usianze na vita)

Kwanza nikwambie nilivyochemka mimi. Nilimfuata bibi rekoda ya simu iko on kabisa, nikamuuliza bibi maisha wakati wa vita vya Amin (ndo hivyo vya Kagera, Tanzania na Uganda ya Idi Amin, 1978 hadi 1979) yalikuwaje, akajibu "yalikuwa magumu mjukuu wangu" akaendelea kuchambua mchele. Basi, ikaishia hapo.

Tatizo lilikuwa swali. Kwa mtu aliyekuwa Tanga au Dodoma vita havikuwa mizinga, vilikuwa sabuni. Kwa hiyo uliza mlikuwa mnafulia nini? Hapo ndo utasikia majani ya mpapai, foleni ya duka la ushirika ambayo mtu anapanga kwanza halafu ndo anauliza wanauza nini, balozi wa nyumba kumi na orodha yake, na mlanguzi wa sukari anayefungua mlango wa uani usiku. Uliza pia nani alitumwa kupanga foleni, mara nyingi walikuwa watoto, yaani hao hao shangazi na wajomba zako, nao wahoji.

Tarehe usimuulize, mpe wewe. Mwambie ile siku Nyerere anasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo (2 Novemba 1978), redio ilikuwa kwa nani, mlikaa wapi kusikiliza? Halafu ruka hadi Kampala ilipoangukia mikononi mwa wetu, 11 Aprili 1979. Hapo katikati uliza wanaume waliokwenda, wa mgambo na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), nani alilima shamba lao, na kama pale kijijini walichanga ng'ombe au chakula. Malori na mabasi yalichukuliwa kubeba jeshi, muulize kama la jirani lilirudi, na lilirudi na hali gani.

Kama kwenu ni Kagera, sahau habari ya sabuni kwanza. Watu wa kaskazini ya mto Kagera walikimbia mwisho wa Oktoba 1978 na walichoweza kubeba, ng'ombe wakaswagwa, mabati yakang'olewa, hata kiwanda cha sukari kikaporwa, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Hapo uliza polepole, akinyamaza na wewe nyamaza, usimlazimishe eti kwa sababu simu inarekodi.

Sasa sehemu inayosumbua kuliko zote ni kutenganisha miaka. Wazee wengi wanaweka kila kitu kapu moja, na siwalaumu, maana Nyerere aliomba watu wafunge mkanda miezi 18 na mkanda wenyewe ukakaa kiunoni miaka. Ila Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, mafuta nayo yakapanda bei 1979, kwa hiyo siyo kila uhaba uliletwa na Amin. Na akianza kusimulia watu wanatupa mali usiku wakiogopa msako wa wahujumu uchumi, hiyo ni 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine. Mbinu yangu ni kuuliza, bibi, hapo mama alikuwa kashazaliwa? Anahesabu kwa watoto wake, hakosei.

Ukimaliza andika jina la kijiji na tarehe ya maongezi, halafu rudi umsomee ulichoandika. Mimi niliandika bibi alikuwa na kanga mbili, akanikatisha, moja, tena tulikuwa tunapeana zamu na dada yangu, ndo akaanza upya toka mwanzo na mchele ukawekwa pembeni.