Kabla ya kwenda Tristan da Cunha

Kisiwa hiki cha Uingereza kiko katikati ya Atlantiki ya kusini, takriban kilomita 2,800 kutoka Cape Town, na hakina uwanja wa ndege. Jambo la kwanza ni kibali. Mgeni hafiki tu. Baraza la Kisiwa ndilo linaloamua. Omba miezi mingi kabla, ukiwa na pesa za kujikimu na bima ya matibabu itakayogharamia safari ya kurudishwa Cape Town ukizidiwa.

Kisha meli. Safari huchukua wiki moja hivi, nafasi ni chache, na wenyeji na wagonjwa hupewa kipaumbele, kwa hiyo tiketi yako yaweza kusogezwa. Usifunge ratiba. Hata ukifika, bado hujafika: bandari ya Calshot ni ndogo, meli hutia nanga nje, nawe unateremka kwa ngazi ya kamba hadi kwenye mashua inayopanda na kushuka na mawimbi. Unasubiri mashua ipande, ndipo unaachia ngazi. Bahari ikichafuka siku zote meli inapongoja hapo, utakiona kijiji kwa macho tu.

Nguo ziwe za baridi, mvua na upepo, hata Januari. Kisiwa chenyewe ni volkano yenye urefu wa mita 2,062. Ilipolipuka mwaka 1961 watu wote walihamishiwa Uingereza, na wengi wao walirudi 1963.

Dawa zako beba za kutosha na ziada, maana duka hutegemea meli ile ile. Chukua pauni taslimu. Wakazi hawafiki 300 na riziki yao kubwa ni kamba kochi wanaouzwa nje, pamoja na stempu. Bahari ikitulia hupigwa kengele alfajiri na wavuvi hushusha mashua. Siku hiyo usitegemee fundi wala mwenye kukuongoza mlimani. Viazi kila familia hulima yake, na ardhi haiuzwi kwa mgeni, basi usiende na ndoto ya kiwanja.

La mwisho nalisisitiza kuliko yote: sugua viatu, kung'uta mifuko, toa kila mbegu na udongo, usije ukaingiza mmea au mdudu mgeni kisiwani. Panya waliingia hapa kwa meli iliyovunjika mwaka 1882 na hawajaondoka. Kisiwa jirani cha Nightingale hakina panya mpaka leo, na ndege wa baharini huzaliana huko kwa mamilioni.