Somo: Kitenzi satiate na namna ya kukitumia

Mwanafunzi akimaliza sahani ya wali wa Kyela kwa mama ntilie wa pale Mwanjelwa, huniandikia "I satiated". Kosa hili nalikuta mara nyingi mno hapa Mbeya, na linarekebishika, basi tulichambue leo.

Kwanza matamshi: sei-shi-eit, mkazo mwanzoni. Hiyo t ya katikati husikika sh.

Pili, nani anatenda? Hapa tusiharakishe. Kwetu anayeshiba ni mlaji: nimeshiba. Satiate haiko hivyo, yenyewe ni kushibisha, na kinachoshibisha ni chakula. The rice satiated me: wali umenishibisha. Ukitaka kuanza na mlaji, sharti useme I was satiated. Na ukitaja alichoshiba, weka with: The guests were satiated with bananas. Andika sentensi zako tatu za namna hiyo kabla hujaendelea, tafadhali.

Tatu, kiasi. Asili yake ni Kilatini, satis, yaani "ya kutosha". Ila mara nyingi hubeba pia maana ya kukinai: umekula kande hadi hutaki hata kuziona.

Nne, pa kulitumia. Ni neno la maandishi zaidi. Mezani kwa watu sema I'm full, thank you, inatosha kabisa. Kwenye insha linapendeza, hata kwa hamu isiyo ya chakula: The book satiated her curiosity.

MASWALI

Kamwene mwalimu, niko Iringa. Kiu nayo inaingia?
— Kamwene. Utaeleweka, ila kwa kiu quench ndiyo iliyozoeleka. Slake pia ipo, zaidi vitabuni.

Shikamoo mwalimu. Na sate?
— Marahaba. Maana ni karibu ile ile, na hutumika vile vile: I was sated. Tamka seit. Usiichanganye na sat, aliketi.

Mtu asiyeshiba mali tunamwitaje?
— Insatiable, in-sei-sha-bol. Hutumika sana kwa tamaa: an insatiable appetite for money.

Ndaga fijo mwalimu! Kwenye kitabu cha lishe nimekuta satiety. Nayo ni sei-shi?
— Hapana. Hiyo ni nomino, hali ya kushiba. Tamka sa-tai-a-ti, mkazo kwenye tai, na t zote mbili zinabaki t.