SOMO: Jinsi ya kuagiza sime ya kufuliwa kwa mkono, moja kwa moja kwa mhunzi

Wakuu habari za saa hizi. Naomba niliweke hili vizuri maana kila siku naona mtu ananunua sime barabarani, shanga nzuri, imeng'aa, akifika nyumbani anapiga nayo tawi mara mbili makali yamejikunja. Ile ni fleti baa (chuma bapa cha kawaida cha dukani) iliyopigwa grainda ikavalishwa ngozi. Kwenye sime unalipia moto, yani ile kazi ya mhunzi ya kukipasha chuma, kukizamisha kwenye oili na kukirudisha tena kwenye moto mdogo, hayo mengine ni mapambo. Nitaeleza hatua kwa hatua, maswali chini.

Hatua ya 1: Jua unaitaka ya nini

Ya kutundika ukutani nunua popote, wala usihangaike na somo hili. Ya kazi, au ya kumwachia mwanao, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Mtafute mhunzi mwenyewe, sio muuzaji

Kwa upande wa kaskazini mwa Tanzania, eneo la Mamba kule Marangu, Kilimanjaro, kuna wahunzi wa Kichaga, kazi wameirithi toka kwa babu zao na wateja wao wakubwa siku zote ni Wamaasai, mikuki na sime. Upareni ukoo wa Washana ndio uliojulikana kwa kufua chuma tangu zamani, na Wamaasai wenyewe wana wahunzi wao, Ilkunono. Hawa Ilkunono wamedharauliwa sana jamani, zamani Mmaasai akitaka kushika kitu kilichotoka mkononi kwa mhunzi anapaka kwanza mafuta mkono wake kwa sababu mhunzi alihesabiwa ana unajisi, na bila mhunzi huyohuyo hakuna morani mwenye sime wala mkuki. Mimi nikienda kwa mhunzi naenda kwa adabu, nasalimia, nakaa chini, biashara baadaye.

Utamjua kwa vifaa. Ana makaa, ana mvukuto au feni ya kupuliza, ana fuawe (hata kama ni kipande cha reli ya treni), koleo na nyundo za uzito tofauti. Ukikuta grainda na mashine ya kuchomelea tu huyo ni fundi mageti, kazi yake nzuri lakini sio hii.

Hatua ya 3: Chuma

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Nondo na fleti baa za kawaida zina kaboni kidogo, hata uzichome namna gani hazikazi vya kutosha kushika makali. Unachotaka ni springi za gari, yale mabapa ya chini ya Land Rover, Hilux au Fuso, tupa kuukuu nazo zinafaa kwa visu vifupi ila kwa sime ndefu ni ngumu mno zinakatika kirahisi. Springi iliyochoka sana ina nyufa ndogondogo usizoziona kwa macho, kwa hiyo mwambie akate mbali na lile tundu la katikati, pale ndo panapopasuka kwanza. Mimi napenda kwenda skrepa mwenyewe nachagua kipande kinene kisicholiwa na kutu halafu nampelekea.

Kama chuma ni chake, muombe akiguse kwenye grainda mbele yako uangalie cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka. Springi cheche zake zinapasuka njiani, zinatawanyika matawi matawi. Ukishaona mara moja hutasahau.

Hatua ya 4: Maelewano

Usimwambie "nitengenezee sime nzuri". Chukua boksi, lipasue, chora sime kwa ukubwa wake halisi: urefu wa bapa, upana pale karibu na mpini, upana kule mbele kabla ya ncha. Sime ya Kimaasai, olalem, ni nyembamba karibu na mkono halafu inapanuka kuelekea mbele, ina makali pande zote mbili na haina kikingio cha mkono. Uzito upo mbele makusudi ili ikate, usije ukalalamika mbona haijakaa sawa mkononi. Mkubaliane pia uti wa katikati (ule mwinuko unaopita kati kwa urefu wa bapa), unene, siku ya kuichukua, na kianzio. Nusu kwa nusu ni haki, mwenzio ananunua makaa. Na msikimbizane na siku, mvua ikinyesha makaa yakalowa kazi inasimama.

Hatua ya 5: Moto (kaa uangalie ikiwezekana)

Akishaipa umbo, bapa linapashwa lote kwa usawa mpaka linaacha kushikwa na sumaku, hiyo ni kama nyuzi 770 za Selsiasi, kisha anapandisha kidogo juu ya hapo. Wazee wengi hawana sumaku, wanasoma rangi, ndo maana mhunzi mzuri anafanya hii kazi kivulini au jioni, kwenye jua kali rangi inakudanganya. Halafu anazamisha kwenye oili, ncha kwanza, wima. Oili chafu ya gari ndo wengi wanatumia japo moshi wake ni mbaya kwa mapafu, mpelekee galoni ya mafuta ya kupikia utakuwa umemsaidia. Asizamishe kwenye maji! Springi ikiingia kwenye maji mara nyingi inapasuka, mara nyingine utasikia mlio, mara nyingine hutasikia kitu na ufa unabaki ndani.

Ikishatoka hapo ni ngumu lakini inavunjika kama kioo. Lazima irudishwe kwenye joto dogo, nyuzi 200 mpaka 260 hivi. Fundi anasugua sehemu na msasa mpaka inang'aa, anaipasha taratibu anatazama rangi ikitembea: njano hafifu, njano iliyoiva, kahawia, zambarau, buluu. Makali yaishie kwenye njano iliyoiva au kahawia, uti wa katikati ukifika buluu sio mbaya. Hii ndo hatua ambayo fundi mwenye haraka anairuka na wewe kwa macho hutajua, kwa hiyo muulize waziwazi: "Mzee, umeirudisha kwenye moto?" Akikueleza rangi aliyoishia, umepata mtu.

Hatua ya 6: Kuipokea, KABLA ya mpini

Sisitiza uione ikiwa uchi. Angalia ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, pale unapoanzia pembe ziwe za mviringo, pembe kali ndo mwanzo wa kukatika. Funga jicho moja uangalie bapa kwa urefu kama limenyooka. Pitisha tupa kwenye makali, iteleze au ikwaruze kwa shida, ikila kirahisi bapa ni laini. Kisha kwa ruhusa ya fundi gandamiza ncha kwenye ubao ikunje kidogo, ikirudi sawa basi, ikibaki imepinda irudi motoni. Na ukiona alama za buluu kwenye makali ujue aliinoa na grainda ikapata moto, hapo ugumu umeondoka.

Hatua ya 7: Mpini na ala

Mpini ni mti uliovalishwa ngozi mbichi ikiwa bado imelowa, ikikauka inabana yenyewe. Ala ni mbao mbili nyembamba zimefunikwa ngozi ya mbuzi iliyopakwa rangi nyekundu. Jaribu kuchomoa na kurudisha, isilegee isikwame.

MASWALI YA WADAU

Mkuu springi ya Land Rover za zamani si ndo bora kuliko hizi za sasa?
Wazee wanaziapia, na mimi nazipenda. Lakini ukweli springi yoyote ya gari lazima iwe chuma cha kujikunja na kurudi, la sivyo gari lingelala chini. Nzima ya Fuso ni bora kuliko iliyochoka ya Land Rover.

Kaka bei ikoje, nisije nikauziwa bei ya mzungu?
Siweki bei hapa, inategemea urefu, chuma ni cha nani na ala. Uliza wahunzi wawili watatu kwanza. Ila ukikuta sime bei sawa na panga la dukani jiulize moto umelipiwa na nani. Na dada yangu au kaka yangu, msimkandamize mzee aliyepiga nyundo siku nzima, mkiona haki mpeni.

Mimi niko Uingereza, nataka nije nayo. Inawezekana?
Kwenye ndege ni begi la kupakiwa chini tu, ifunge ncha na makali vizuri, mkononi hapana kabisa. Marufuku ya kule ya mwaka 2008 ni ya upanga uliopinda wenye bapa la sentimita 50 na kuendelea, sime imenyooka, ila sheria zao zimeongezwa baadaye, angalia za sasa kwanza. Lakini kutembea nayo barabarani bila sababu ya msingi ni kosa. Ngozi mbichi nayo inaweza kukuletea shida forodhani, bora uchukue bapa na mpini wa mti mtupu, ala utengenezee hukohuko.

Yale ya mtandaoni yenye mawimbi mawimbi, Damaskasi, vipi?
Mawimbi ni vyuma viwili vimefuliwa pamoja vikachovywa kwenye asidi. Kazi nzuri inapendeza sana, lakini mawimbi hayakuambii kama moto ulifanywa sawa, na ya bei chee mengi ni pambo. Maswali ni yaleyale.

Nimerithi ya babu, ina kutu na ala imekakamaa. Niisugue na grainda?
USIFANYE HIVYO tafadhali. Weka mafuta ya taa usiku kucha, sugua na msasa laini kwa mkono, kufuata urefu wa bapa. Kisha paka mafuta mepesi. Na usiiweke ndani ya ala muda mrefu, ngozi inashika unyevu na kutu inaanzia humo humo, ala kaa nayo pembeni, bapa lifunge na kitambaa kilichopakwa mafuta. Ukiipiga picha kabla hujaanza kusafisha nitashukuru kuiona, hasa pale kwenye uti, wahunzi wengine wana namna yao ya kuupiga.