Unasoma Beaux-Arts mu Lubumbashi? Namna ya kutafuta kazi mbele diploma itoke

Badogo benye kuniuliza "yaya, nikimaliza Beaux-Arts (masomo ya sanaa) nitakula nini", jibu yangu ni hii: usitafute kazi moja, shika mbili. Moja ya kukupa feza ya wiki hii, ingine ya kukujengea jina pole pole. Mwenye kushika ya jina pekee atauzisha ordinateri yake juu ya njaa, na mwenye kushika ya wiki pekee atazeeka akiandika "makala iko hapa" ku mapano ya barabara.

Tuanze na ya wiki. Feza ya haraka mu L'shi iko ku grafiki: logo, banderoli, invitasyo za ndoa, tisheti za serigrafi, afishi za kanisa (na makanisa hazikosake konvansyo). Jifunze Inkscape juu ya logo, GIMP ao Krita juu ya picha, zote ni za bule, hauna haja ya kuweka programu ya kuiba yenye kujaza virusi. Mbele ya kupeleka fishye ku imprimeri, geuza maandishi kuwa mistari (mu Inkscape iko mu Chemin, unabonyeza Objet en chemin), juu kama mashini yao haina ile fonti yako basi maandishi yatageuka na muclient atakulaumu weye. Afishi ya kushika mu mikono unaweka 300 dpi (wingi wa vitone vya picha), banderoli kubwa ya kuonea mbali 100 ao 150 inatosha. Na enrejistre kazi kila dakika, SNEL (kampuni ya umeme) hatakuambia kama anakata.

Sasa kazi yenye batu bengi habaioni, na kwangu njo tamu kuliko zote: boîte à images. Ni yale makaratasi makubwa ya kufungua yenye ba-relais ba afya banaonyeshaka bamama ku centre de santé, upande moja picha inaangalia bamama, upande ya nyuma kuko maandishi ya yule mwenye kufundisha. ONG na miradi ya afya, ya kilimo, ya maji, zote zinaitumia na lazima mutu azichore. Hapa hautafute kuonyesha kama unajua perspektive. Chora mama mwenye kufanana na mama wa komini ya Kenya ao ya Katuba, hapa L'shi, kitambaa yake, sahani yake, nyumba yake. Kisha peleka krokis (mchoro ya kwanza ya penseli) ku batu mbele ya kuweka rangi na uliza "unaona nini hapa?", usiseme kitu, sikiliza tu. Ukichora mukono pekee bila mwili, kuko mwenye ataona mukono ya kukatwa. Ukichora mbu mukubwa juu ionekane vizuri, kuko mwenye atakuambia kwetu mbu za vile haziko, basi malaria hii haituhusu. Ile majibu iandike, iweke mu portfolio pamoja na krokis ya kwanza na ya mwisho, maana mwenye kutoa kazi anataka kuona namna unafikiri, mapicha ya muzuri kila mutu iko nayo.

Makampuni ya shaba na kobalti nazo zinahitaji mapano ya usalama, afishi za kofia na viatu, michoro ya kufundisha batumikaji bapya. Mara mingi habaongee na weye moja kwa moja, banapita ku ba-fournisseur (benye kuuzishia kampuni vitu), basi tafuta ba-fournisseur.

Kazi ya shaba ya kupiga nyundo na ya malachite (jiwe ya kijani) ni ya kwetu kabisa, lakini soko imejaa tembo na vinyago vya kufanana. Mwenye diploma alete desini: pete, vifungo, vitu vidogo vyenye mugeni anaweza kutia mu valizi. Kusaga malachite, saga na maji na uvae maski, ile vumbi ya kijani iko na shaba ndani na mapafu haiipende.

Kufundisha dessin ku masomo kunawezekana, angalia tu kama diploma yako inahesabu pedagogia, na kama hapana, fanya kozi za watoto ya siku ya posho.

Peinture yenyewe je? Batu banasema tablo ni ya bazungu. Si kweli. Mu miaka ya 1970 batumikaji ba hapa hapa balikuwa banatundika tablo mu salon zao, mamba muntu (mwanamuke nusu samaki), Colonie belge (mateso ya wakati ya Babeleji), Lumumba, na Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya inchi nzima kwa tablo karibu mia. Muteja alikuwa jirani. Basi anza na bei yenye jirani anaweza.

Kwa upande ya jina, enda ku vernisaji (siku ya kufungua maonyesho). Biennale ya Lubumbashi (maonyesho makubwa ya sanaa) ilianza 2008 na shirika ya wasanii yenye kuitwa Picha, kuko centre d'art Waza, kuko Musée national, kuko Halle de l'Étoile (nyumba ya utamaduni ya Wafaransa). Usiende kunywa tu, omba kubeba, kutundika, kuongoza bageni, kupiga mapicha ya maonyesho: rejisseri na mediateri ni kazi za kulipwa na hazina batu bengi. Na fungua arshivi ya familia. Sammy Baloji alikamata mapicha ya kale ya batumikaji ba Union Minière (kampuni ya shaba ya wakati ya Babeleji) akayaweka juu ya mapicha ya leo ya mitambo yenye kuachwa, na ile kazi ikazunguka dunia. Kila mutu wa L'shi iko na shangazi mwenye sanduku la mapicha.

Mambo ya feza sasa. Hata kwa kazi ya mujomba, andika devi (karatasi ya bei): materiali, transport, masaa, mara ngapi atabadilisha (mbili, ya tatu analipa). Avansi nusu ku M-Pesa ao Airtel Money mbele ya kugusa penseli, kama anakataa avansi hatalipa na ile ingine. Na sheria ya 5 Aprili 1986 juu ya haki za muandishi inalinda hata michoro yako, basi andika mu devi picha ni ya kutumia fasi gani. Alilipa logo ya duka moja? Akiitaka ku magari yote ya kampuni, arudi, muongee bei ingine.