Kutoa saruji na kurudisha chokaa kwenye ukuta wa matumbawe

Majengo ya zamani ya Mji wa Kale, Mombasa, yawe ni ofisi za mawakili, maghala au ukumbi wa Mafrimasoni, yana ugonjwa unaofanana: chini ya ukuta rangi inabambuka, plasta inavimba na unga mweupe unatokeza. Mara nyingi chanzo ni saruji.

Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha maji yatoke kama mvuke, saruji huyafungia. Yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi huganda nyuma ya plasta ikila jiwe. Yakifika kwenye vichwa vya boriti, mti huoza na mchwa hufuata. Fundi anayekushauri upige saruji nzito zaidi anakuongezea ugonjwa.

Omba kibali kwanza, kwa kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa, maana eneo hili linahifadhiwa. Kazi yenyewe ipange baada ya masika, Julai hadi Septemba. Jua kali la kaskazi hukausha chokaa upesi, ikapasuka.

Gonga ukuta kwa kiungo cha kidole. Panapolia mvungu, plasta imeachia. Ibandue kwa tindo na nyundo ndogo, ukilaza tindo. Mashine ya umeme hung'oa na jiwe. Chumvi ifagie kavu kwa brashi, uizoe na kuitupa. Usiioshe, kwani maji huirudisha ndani. Uache ukuta wazi wiki kadhaa, na wakati huo tafuta maji yanakotoka: mfereji uliopasuka, au bomba la eyakondishena linalodondokea ukutani, jambo la kawaida mno maofisini.

Chokaa mbichi, yaani iliyochomwa lakini haijazimwa kwa maji, hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Vaa miwani na glavu. Ikishazimwa, ihifadhi chini ya maji angalau miezi 3. Ya unga ya dukani iloweke siku nzima.

Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo. Mchanga uwe mkali, wenye chembe za pembepembe, usiwe wa pwani, la sivyo utaupaka ukuta chumvi upya. Ukuta wa mita 10 za mraba, kwa unene wa sentimita 2, unataka mchanga lita 200 na chokaa lita 70 hivi. Chokaa hujaza nafasi baina ya chembe, kwa hiyo jumla haizidi sana ule mchanga. Ongeza robo, maana kuta hizi hazijanyooka.

Ziba mashimo kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10, likwaruze. Subiri hadi ukucha uache alama bila kuzama, ndipo upige la pili. Nyufa zikitokea mapema, zisugue kwa ubao. Funika kwa magunia yenye maji wiki nzima. Hapa ndipo mafundi wengi hufanya haraka, na plasta hubaki unga.

Umalizie kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mara 4 au 5, ukilowesha ukuta kila mara na kuacha siku moja baina ya mkono na mkono. Rangi ya plastiki usiikaribishe, nayo hufungia maji.