Kupanda kinga (baiskeli) Lubumbashi: angalia kwanza volani iko upande gani

Jambo bandugu. Mi naendaka mu mji na kinga toka Ruashi, na kintu ya kwanza minaambiaka muntu mwenye anaanza ni hii: usiogope tu ukubwa ya motokari, angalia volani iko upande gani. Kwetu tunapitaka kuume, lakini bisi mingi zilitoka Japani, na makamyo mingi zinaingilia Kasumbalesa zikitokea Zambia, Tanzania ao Afrika Kusini, na kule kote banapitaka kushoto, njo maana volani yao iko kuume.

Sasa sikia vile inakugusa weye. Kamyo ya volani kuume ikitaka kukupita, shofere anakuona muzuri juu anaikala upande yako, lakini kwa mbele haone kintu mpaka atoshe kwanza kichwa ya kamyo kushoto, na akikuta ingine inakuja anarudia mbio kuume, na kule kuume njo kwenye uko. Ku barabara ya Kasenga nilikuwa nyuma ya baba moja wa makala, mwenye mifuko ine ku kinga, kamyo ikarudia vile juu yetu, tela ikakwaruza mufuko ya pembeni, makala ikamwangika mu njia yote na yule baba akabakia amesimama, mikono inatetemeka ku gido. Hakuumia, Mungu asifiwe. Tangu ile siku nikisikia kamyo nyuma na mbele kuko motokari inakuja, singojei, natoka mu lami mapema, nakanyaga udongo.

Njo sababu usipande kwa kushikamana na kando kabisa. Bakia metre moja hivi toka mwisho ya lami: kama kuna shimo ao kanivo wazi utapata nafasi ya kukimbilia, na bashofere banakuona mbali. Mwenye makala apime na mufuko yake, isiwe na gido, juu mufuko njo inagongwaka.

Kamyo ya volani kushoto ni hatari ingine. Pembeni ya gurudumu ya mbele kuume, shofere hakuone hata kidogo. Ku njia panda usijipenyeze pale, hata kama nafasi iko wazi, juu akikata kuume magurudumu ya nyuma hazifuate za mbele, zinakata karibu na kona na kukuvuta chini. Kama hauone uso yake mu kioo yake, naye hakuone. Bakia nyuma.

Bisi sasa. Hizi ndogo za Japani, mulango iko kushoto, kwa hiyo ikisimama kuume bantu banashukiaka katikati ya barabara. Weye unapita kushoto, mulango unafunguka, mama na beseni ya tomate anatosha muguu. Piga kengele, punguza, zunguka mbali metre moja na nusu, na kama nyuma yako kuna motokari, simama tu nyuma ya bisi. Dakika moja haina kintu.

Kioo ya pikipiki ya zamani, ifunge ku gido upande ya kushoto na waya, ni kintu ya bei kidogo yenye ilinisaidia kupita kaske. Kaske vaa vilevile. Magaribi, taa nyekundu nyuma, juu saa kumi na mbili giza inaingia mbio.

Na ku komini tuendelee kuomba, kwa sauti: kanivo zifunikwe na dalle, ma dodane mbele ya masoko, na njia ya kinga yenye kutengwa na bordure ya beto. Kule Copenhagen njia za kinga ziko juu kidogo ya barabara, bordure inazitenga. Rangi peke yake haizuie kamyo.

Mvua ikianza Novemba, shimo yenye maji usiingie, haujue urefu yake. Angalia nyuma, shuka, sukuma.